Bi Nta: Fundi wa mijeledi aliyekiri kosa ili farasi asiuawe

Ni saa moja kasoro asubuhi. Katika chumba kidogo ambacho zamani kilikuwa jiko, mwanamke wa miaka hamsini na sita ameketi kwenye kigoda, amebana ncha ya ngozi kwa meno. Vidole vyake vinasuka vipande kumi na viwili vya ngozi ya mbuzi, vyembamba kama tambi, kuzunguka mpini wa mti. Mwandishi anamsalimu. Anaitikia kwa nyusi, maana mdomo una kazi.

Anapofika mwisho anafunga fundo, anaulaza mjeledi sakafuni, anaweka ubao juu yake na kuuviringisha kwa unyayo, mbele na nyuma, mpaka msuko unakaa sawa. Anaupaka nta. Anaufuta kwa kitambaa cha fulana kuukuu.

Kisha anakunja mkono wa gauni hadi kwenye kiwiko na kujichapa mwenyewe.

Paa! Sauti ni kali hata paka aliyelala dirishani anaruka nje. Mwanamke huyo anaunyoosha mkono kwenye mwanga, anautazama, anangoja kama dakika nzima. Hakuna alama.

"Huu umefaulu," anasema, na sasa ndipo anaitikia salamu kwa kinywa. "Karibu, mwanangu. Samahani, nilikuwa na mdomo umejaa ngozi."

Kila mjeledi unaotoka chumbani humu humchapa yeye kwanza. Ukiacha mstari mwekundu, unafumuliwa na kusukwa upya.

"Mjeledi wa kupandia farasi si wa kuumiza," anaeleza. "Ni wa kubisha hodi. Mpandaji amekaa juu, farasi anawaza mambo yake huko chini, basi unambishia hodi begani, naye anajua unamwita. Ukimuumiza atasikia maumivu tu. Ulichotaka kumwambia hatakisikia."

Majirani humwita Bi Nta. Jina lilitokana na harufu. Nyuzi anazoshonea huzivuta kwenye donge la nta ya nyuki ili ziteleze na zisioze, na baada ya miaka mingi nta imeingia kwenye nguo zake, nywele zake, hata mito ya kochi. Mumewe, fundi cherehani mwenye maneno mengi, anasema walipolala usiku wa kwanza wa ndoa alidhani ameoa mshumaa.

Ufundi huu aliupata kwa mjomba wake, ndugu wa mama, aliyemlea baada ya wazazi kutengana. Mjomba alishona matandiko, yaani viti vya ngozi wanavyokalia wapandaji, na mijeledi ya asili ya ngozi ya kusuka. Hakuwa na nia ya kumfundisha mtoto wa kike. Alimpa kazi ya kushika ncha tu, yeye akisuka.

"Nilishika ncha miaka mitatu," Bi Nta anakumbuka. "Siku moja mjomba akarudi kutoka msalani akakuta nimeendelea kusuka mwenyewe. Akakagua, akakagua, akakosa pa kunisema. Ndipo akanipa msharasi wa kwanza, ile sindano nene ya kutobolea ngozi. Akaniambia, 'Ukijichoma usilie, damu inaacha doa.' Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo."

Akiwa na miaka ishirini na saba aliajiriwa na klabu ya wapandaji farasi kutunza chumba cha matandiko. Klabu ilikuwa na matandiko thelathini na moja, na hatamu zake, na mikanda yake, vyote vikining'inia kwenye vigingi vilivyopigwa namba kwa rangi nyeupe. Kwa miaka ishirini na sita hakuna ngozi iliyoingia au kutoka humo bila kupitia mikononi mwake.

Kazi yenyewe, ukiitazama, inaonekana ya kupangusa tu. Farasi akirudi, ngozi zinafutwa kwa kitambaa chenye unyevunyevu kabla jasho halijakauka, kwa sababu jasho la farasi lina chumvi, na chumvi hula uzi. Zinasuguliwa kwa sabuni maalumu. Chuma cha kinywani kinaoshwa kwa maji matupu. Mara moja kwa mwezi ngozi hupakwa mafuta, na hapo Bi Nta hunyanyua kidole kimoja.

"Kidogo! Tone tu. Yakizidi, ngozi inalegea kama mkate uliolowekwa kwenye chai, na uzi unaoza ndani kwa ndani huku juu kunang'aa. Mimi nalijua hilo tangu utotoni. Nalijua kuliko mtu yeyote pale klabuni." Anaokota kipande cha ngozi sakafuni na kukirudisha palepale. "Ndiyo maana sina cha kujitetea."

Miaka mitatu iliyopita, klabu ilikuwa inatarajia wageni wakubwa. Meneja alipita chumba cha matandiko, akapitisha kidole juu ya tandiko moja na kusema anataka kila kitu king'ae mtu ajione sura. Bi Nta alipaka mafuta. Meneja akasema bado. Akapaka tena, na tena, wiki tatu mfululizo.

Siku kumi kabla ya ajali, akiwa anapangusa mkanda wa tumbo, ule mpana unaopita chini ya farasi na kulishika tandiko lisiteleze, aliona tundu mbili za mshono karibu na bizimu, kile chuma cha kufungia, zimekuwa nyeusi. Uzi ulikuwa umekatika. Akajiambia atashona Jumatatu.

Jumatatu ikaja na matandiko thelathini na moja ya kung'arisha. Akasahau.

"Sikuzembea kwa uvivu," anasema. "Nilikuwa nafanya kazi mpaka mgongo unawaka moto. Lakini niliona na sikushona. Hizo nyingine ni hadithi."

Jumamosi hiyo mkanda ulifungwa kwa farasi aitwaye Haraka. Jina alipewa kwa mzaha, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kumwona akiharakisha. Ni farasi mkubwa wa rangi ya udongo, mwenye tabia ya kusimama na kufikiri kabla ya kuvuka hata dimbwi. Wanaoanza kujifunza walikuwa wakipandishwa yeye.

Aliyekuwa juu yake alikuwa mwalimu wa klabu, mwanamke wa miaka thelathini na mbili wakati huo. Wote humwita Mwalimu tu. Alikuwa anawaonyesha wanafunzi namna ya kuruka mti uliolazwa kwa kimo cha goti. Haraka aliruka. Alipotua, bizimu moja iling'oka, ya pili ikashindwa kuhimili, na tandiko likazunguka likaenda chini ya tumbo. Mwalimu alianguka kwa nyonga juu ya nguzo ya uzio. Farasi, akihisi kitu kinampigapiga miguu, akachanganyikiwa, akarusha mateke na kukimbia uwanja mzima.

Waliokuwa mbali waliona kitu kimoja tu: farasi anarusha mateke na mwalimu yuko chini.

Kabla gari la wagonjwa halijaondoka, maneno yalikuwa yameshaenea kuwa Haraka amepandwa na wazimu. Jioni, mtunza farasi mmoja aliingia chumba cha matandiko akiwa amebeba tandiko na mkanda uliokatika, akavitupa mezani. Wenzake humwita Kimya, kwa sababu hanyamazi. Siku hiyo alikuwa na machozi.

"Dada, wamemfungia banda la mwisho," alimwambia. "Jumatano anakuja yule mtu wa nyama kumchukua akachinjwe. Meneja anasema farasi muuaji hawezi kukaa na watoto."

Kimya alipotoka, Bi Nta aliuchukua mkanda. Alijua kabla hajaugeuza. Tundu zile mbili zilikuwa zimekuwa tisa. Uzi ulitoka wenyewe alipougusa, laini kama nyuzi za ndizi.

Hapo ndipo, kwa maneno yake mwenyewe, shetani alipovuta kiti na kuketi.

"Hakuna aliyeutazama mkanda. Umeelewa? Hakuna hata mmoja. Watu wote walikuwa wanamtazama farasi. Mkanda umeletwa kwangu, mimi ndiye fundi, sindano ziko mkononi. Ni kazi ya saa moja tu. Nashona bizimu, nausugua, nautundika kwenye kigingi, imekwisha. Mpaka nife asingejua mtu."

Alitia uzi kwenye sindano mbili. Mshono wake hutumia sindano mbili zinazopishana katika tundu moja, ili upande mmoja ukikatika mwingine uendelee kushika. Alishona tundu nne.

"Ya tano mkono ulikataa. Sisemi nilikuwa mtu mwema, usiandike hivyo. Mkono ulikataa tu. Nikasikia Haraka anapiga teke mlango kule banda la mwisho. Yule hapigi mlango, mwanangu. Miaka tisa nimemjua, hajawahi kupiga mlango."

Aliutia mkanda kwenye mfuko wake wa kikoi na kwenda nao nyumbani.

Mumewe haoni aibu kueleza alichomshauri. Anaeleza huku amekanyaga pedali ya cherehani, bila kuinua macho.

"Nilimwambia anyamaze. Andika. Binti yetu wa mwisho alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuoni, na mimi macho yangu yalikuwa yameanza kuleta matata, nashona suruali miguu haifanani. Nikamwambia, 'Mama watoto, huyo ni farasi. Mwalimu atapona, wewe utabaki na kazi yako, farasi wako wengi.' Yeye akaniuliza, 'Na mwalimu akipanda farasi mwingine akamwogopa bure, je?' Nikajifanya nimelala."

Jumatatu asubuhi Bi Nta aliuweka mkanda juu ya meza ya meneja. Alimweleza yote, kuanzia tundu mbili nyeusi mpaka tundu nne alizoshona Jumamosi jioni.

Meneja aliutazama mkanda bila kuugusa. Alifunga mlango.

"Mama," alimwambia, "unajua unachofanya? Farasi akikosa, hiyo ni ajali. Vifaa vikikosa, hilo ni kosa la klabu. Rudi kazini kwako. Huu niachie mimi."

"Na Haraka?"

"Haraka ni mnyama, mama. Hana habari hata ya hiyo Jumatano."

Bi Nta aliuchukua mkanda kutoka mezani kabla ya meneja kuufikia. Anasema hakujua ana mbio kiasi kile. Alitoka na aproni yake, akaenda moja kwa moja hospitali.

Mwalimu alikuwa amelala chali, mguu umening'inizwa kwa kamba na vyuma, uso umevimba upande mmoja. Mama yake mzazi alikuwa kando ya kitanda akimenya chungwa. Aliposikia mgeni ni fundi wa klabu, alimsogezea kiti na kumshukuru kwa kuja.

"Shukrani ile ndiyo iliyonimaliza," anasema Bi Nta. "Sikukaa. Nilisema nikiwa nimesimama. 'Mwalimu, Haraka hakukuangusha. Ni mimi. Mshono ulikuwa umeoza, niliuona, sikuushona. Na Jumatano yeye anachukuliwa na mtu wa nyama kwa kosa langu.' Nikaweka mkanda kwenye shuka."

Mama mzazi aliacha kumenya. "Toka," alisema. Hakupaza sauti. "Toka humu kabla sijasahau kuwa u mtu mzima."

Mwalimu aligeuza uso ukutani.

Bi Nta alitoka akidhani amejiharibia bure. Hakujua kwamba mlango ulipofungwa tu, Mwalimu aliomba simu. Alimpigia mwenye klabu mwenyewe, si meneja, na kumwambia kwamba yeye ndiye aliyevunjika, na kama Haraka atatolewa bandani siku ya Jumatano, ataupeleka mkanda huo mahali ambapo klabu haitapenda uonekane.

Jumatano mtu wa nyama alikuja akaondoka na gari tupu. Kimya ndiye aliyeleta habari, akikimbia njia nzima. Lakini wakati huo kibarua cha Bi Nta kilikuwa kimeshaota nyasi. Barua ya kufukuzwa ilikuwa na mistari miwili. Aliambiwa achukue kilicho chake, akachukua msharasi wa mjomba, sindano zake na donge la nta.

Miezi iliyofuata haikuwa mizuri. Alikuwa akiamka saa kumi na moja kama kawaida, anavaa, kisha anakumbuka hana pa kwenda. Binti alikatiza masomo muhula mmoja. Shemeji mmoja alikuja na kumwita mjinga mbele ya mumewe. Mumewe, yule yule aliyemshauri anyamaze, alisimama na kumfungulia shemeji huyo mlango wa nje.

"Mimi kumwambia ni sawa, namlisha na ananilisha," anasema fundi cherehani. "Yeye aliingiaje?"

Ni mumewe pia aliyehamisha jiko kwenda uani na kumwambia achukue kile chumba. Alimletea ngozi mbili za mbuzi na moja ya ng'ombe. Bi Nta hakuwa amesuka mjeledi tangu mjomba afariki. Wa kwanza alijichapa ukamtoa machozi. Aliufumua na kuusuka mara sita.

Mjeledi mmoja humchukua siku tatu: ngozi kuloweshwa, kukwanguliwa manyoya, kukandwa kwa sabuni na mafuta ya ng'ombe mpaka iwe laini, kukatwa vipande, kisha kusukwa. Ncha hupewa ulimi wa ngozi laini, mpana kama jani, ili itoe mlio na isichane. Mwezi mzuri huuza sita, na hiyo ni kodi ya nyumba na chakula. Mwezi mbaya huuza mmoja, na hapo cherehani ndiyo hubeba nyumba.

Angeweza kuuza zaidi. Mwaka wa kwanza alikuja mwanamume mwenye mikokoteni ya punda, akataka mijeledi minane kwa mpigo. Bi Nta alifurahi, akamwekea kiti. Kisha mteja akaeleza anavyoitaka.

"Ulimi utoe, mama. Uniwekee waya ndani, na mafundo pale kwenye ncha. Punda wangu wamekuwa viziwi."

"Lete mkono," Bi Nta alimwambia.

"Mkono wa nini?"

"Lazima nipime. Kila mjeledi hapa unajaribiwa. Huu wangu naujaribu kwenye mkono wangu. Huo wako wenye waya nitaujaribu kwenye mkono wako."

Mteja alicheka, akadhani ni utani. Alipoona uso wa fundi haujacheka, alichukua kofia yake. Mijeledi minane ikaondoka naye. Wiki hiyo nyumba ilikula ugali na chumvi, na fundi cherehani alitangaza kwamba punda wote wa mji wanapaswa kuja kumshukuru mkewe kwa foleni.

Mwaka mmoja na miezi miwili baada ya ajali, mtu alibisha mlangoni. Bi Nta alifungua na kuona fimbo ya kutembelea kabla hajaona uso.

"Nilifungua mlango wote," anasema. "Nikajua amekuja kunitukana, na nikasema moyoni, haya, ana haki, ngoja nisimame vizuri anitukane."

Mwalimu hakutukana. Chini, kando ya mguu wake, kulikuwa na gunia. Alilisukuma ndani kwa fimbo. Lilikuwa na tandiko, hatamu na mkanda wa tumbo, vyote vipya, bado vina harufu ya duka.

"Nimepona," alisema. "Daktari ameniruhusu kupanda. Mara tatu nimeweka mguu kwenye kikuku, mara tatu nimeshuka. Kila nikikaa nausikia ule mkanda unakatika. Nimenunua mpya kabisa, bado nausikia."

"Sasa mimi nifanyeje, mwalimu?"

"Kagua. Nataka nione kwa macho yangu unavyokagua. Wewe ndiye mtu pekee aliyewahi kuniambia ukweli kuhusu mkanda."

Bi Nta alikagua. Ilichukua saa mbili na nusu. Alipitisha ukucha juu ya kila tundu la mshono, akakunja kila ngozi kutazama kama ina nyufa, akavuta kila bizimu kwa uzito wake wote, mguu umekanyaga ukutani. Mwalimu alikaa kwenye kigoda akitazama. Mumewe aliweka chai mlangoni akaondoka akinyata, jambo ambalo Bi Nta anasema halijatokea kabla wala baada.

Katika mkanda ule mpya kabisa alikuta mshono mmoja wa kiwanda umeruka tundu. Aliufumua, akashona upya kwa sindano mbili.

"Alipomaliza akanipa," Mwalimu anasimulia. Sasa ana miaka thelathini na mitano, na anachechemea kidogo anapochoka. "Nikaenda kupanda siku ile ile. Nilizunguka uwanja mara moja tu, taratibu, nikashuka nikatapika. Lakini nilizunguka."

Leo Mwalimu ana mabanda yake mwenyewe, nje kidogo ya mji, na farasi watano. Wa tano ni Haraka. Klabu ilimtoa kwa bei ya kutupa, kwa kuwa hakuna mwanachama aliyetaka kumpanda. Kimya naye alihama huko, akahamisha na maneno yake.

Siku tatu kwa wiki Bi Nta hutembea dakika arobaini hadi mabandani. Chumba cha matandiko ni kidogo, sakafu ya saruji, dirisha moja. Ukutani, kando ya vigingi, kuna msumari mmoja uliopakwa rangi nyekundu. Yeye ndiye aliyeomba upigwe.

Mtu yeyote anayeona kasoro, hata uzi mmoja, hutundika kifaa hicho kwenye msumari mwekundu palepale. Haulizwi kwa nini. Kisichoshonwa hakishuki, hata kama kuna mpandaji anasubiri nje amevaa kofia.

"Wiki iliyopita mzazi mmoja alikuja juu," anasema Kimya. "Mtoto wake kalipiwa saa moja, hatamu iko msumarini. Anafoka! Dada huyu akamwambia, 'Baba, kaa hapo nikuonyeshe.' Akamshikisha uzi. Yule baba akakaa, akatulia tuli, akanisaidia na kubeba majani."

Mwandishi alimuuliza Mwalimu swali ambalo, kwa namna alivyovuta pumzi, ameshaulizwa mara nyingi: je, amemsamehe?

"Watu wanapenda niseme ndiyo," alijibu. "Kuna siku baridi ikiniingia kwenye nyonga namkumbuka vibaya, na yeye anajua, siku hiyo ananisalimia kwa mbali. Siku nyingine tunacheka mpaka Kimya ananyamaza. Nisichoweza ni kupanda farasi ambaye mkanda wake hajaushika yeye. Sijui jina la hicho kitu."

Mama mzazi wa Mwalimu bado hamsemeshi Bi Nta. Wakikutana mabandani hupitana kama magari mawili kwenye barabara nyembamba. Bi Nta hamlaumu. "Ningekuwa mimi, na binti yangu ndiye aliyening'inizwa vile, nisingeishia kusema toka."

Mipango yake ni miwili. Wa kwanza ni wa kazi: anataka kuwafundisha wanawake wanne wa mtaani, walioomba wenyewe, kushona na kukagua ngozi, maana katika mabanda mengi anayetunza matandiko ni yeyote aliyekosa kazi nyingine siku hiyo. Mwalimu amekubali watumie chumba cha matandiko mchana. Wataanza na mikanda. Mijeledi itafuata kwa atakayekubali kujichapa.

Wa pili aliutaja kwa sauti ya chini, akichungulia kama mumewe anasikia.

Bi Nta hajawahi kupanda farasi. Miaka hii yote, matandiko haya yote, hajawahi kukalia hata moja likiwa juu ya mnyama. Mjomba alikuwa akisema fundi akipanda ataanguka avunje mikono, na watakula nini. Baadaye umri ukaenda. Baadaye tena ikaja ajali, na ikawa kama amejinyima mwenyewe.

Jumapili ya wiki ijayo atapanda. Haraka, taratibu, Mwalimu akishika kamba. Mkanda wa tumbo ameushona mwenyewe kutoka mwanzo, tundu mia mbili na kumi na sita. Mwalimu ndiye aliyeukagua, peke yake, kwa saa mbili, Bi Nta akiwa ameketi kwenye ndoo nje ya mlango kama mtahiniwa anayesubiri matokeo.

Mumewe, kumbe, anajua kila kitu. Ndiye anayemshonea suruali, ya kwanza maishani mwake, na siku ya mazungumzo haya alikuwa ameshika futi akijaribu kumpima kiunoni.

"Simama wima, mama watoto. Unapinda, nitakosea."

"Acha nafasi magotini. Mwalimu amesema lazima yakunjike."

"Nitaacha. Na ukianguka je?"

Bi Nta alifikiri. Alitazama mikono yake, kwanza upande mmoja, kisha wa pili.

"Nikianguka nimeanguka," alisema. "Utanisaidia kushika ncha."

Fundi cherehani aliandika kipimo kwenye kiganja chake kwa chaki, akamwambia asitikisike, amebakiza mguu wa kushoto.